Dawa ya Vumbi Kutoka Ujerumani

Nkwabi alikuwa hajanywa chai asubuhi ile alipoona vumbi la mashine ya kusaga kokoto likishuka kama unga juu ya nyumba za mtaa wa Pasiansi, kando ya ziwa. Akaona riziki ya ujanja wake, akamshukuru Mungu, ambaye hakuhusika kabisa.

Mashine ilikuwa ya Mzee Shimba, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa. Bwana afya alishatishia kuifunga kwa ajili ya vumbi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unauza sabuni, pita."

"Nauza pumzi, mzee. Dawa ya kulaza vumbi, imetoka Ujerumani. Soko huria hili!"

Miaka ile kitu cha nje hakikuulizwa maswali. Wakakubaliana: vumbi likilala, Nkwabi anachukua baiskeli mpya ya mzee iliyoegemezwa ukutani.

Kesho yake alfajiri alichota maji ziwani, akayajaza kwenye pipa, akatia bluu ya kufulia, akayamwagia mawe kwa uso wa daktari wa upasuaji. Mashine ikawashwa. Vumbi likalala! Aliyeshangaa kuliko wote ni Nkwabi mwenyewe.

"Wajerumani ni watu!" Shimba akapiga makofi.

Jirani yake, Mama Wilhelmina, alianika dagaa hapo chini. Kwa miezi mingi wanunuzi walimrudishia, wakidai wanatafuna kokoto. Leo dagaa walikuwa safi. Akapanda kuiona dawa, akachungulia pipani. Juu ya Ujerumani yote ile alielea dagaa mmoja wa bluu. Mama akamchukua, akamficha kiganjani.

Nkwabi alikuwa ameshapanda baiskeli, anaelekea stendi, mama alipoishika keria.

"Baba, kesho unakuja saa ngapi?"

"Kesho? Kazi imekwisha, mama."

"Kesho mawe yatakuwa yamekauka." Akafungua kiganja. "Na huyu naye ni Mjerumani? Nimwite kamanda amsalimie?"

Nkwabi akawatazama sungusungu waliokuwa wakinywa uji kivulini, marungu magotini. Akashuka baiskeli.

"Saa kumi na moja alfajiri, mama."

"Bluu punguza."

Bwana afya aliporudi alikuta hewa safi, akaondoka. Wanunuzi wa dagaa nao wakarudi. Na kila alfajiri Nkwabi akawa anapanda mlima kutoka ziwani, anaisukuma baiskeli yake mpya, madumu ya maji yananing'inia huku na huku.

"Dawa imefika!" Shimba hupaza sauti.

Mama Wilhelmina huinamisha kichwa juu ya dagaa wake, akimwombea kijana yule miguu yenye nguvu, na maisha marefu hapo hapo Pasiansi.