Mfalme Wangu wa Mvule Aliyechukuliwa Sokoni Hintertann

Rubongi, karibu na Tororo,
Uganda.
2 Novemba 1954.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Soko la Krismasi,
Mji wa Hintertann, Tirol, Austria.

Mheshimiwa,

Mimi ni mzima. Natumaini barua hii itakukuta na wewe mzima, tena umeketi, kwa maana mambo yaliyomo si ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Kiswahili hiki nilikipata katika karakana ya reli hapa Tororo, nami najua wewe hukijui. Padri Aloisi, ambaye ni mtoto wa mji wenu na paroko wetu, ndiye atakayekutafsiria. Padri, nakuomba kwa heshima: usilainishe. Nilipoandika "aibu", andika aibu.

Mimi ni Ofumbi, seremala. Bila shaka unanikumbuka. Desemba iliyopita, katika soko lako zima, mtu mweusi wa kweli alikuwa mimi peke yangu. Wengine walikuwa wa kupakwa, na habari zao zinakuja. Padri alipopata likizo yake alinichukua nije kujifunza kwa wachongaji wa bonde lenu, ili nikirudi nichonge Njia ya Msalaba ya kanisa letu jipya. Tulikaa kwa mama yake mzazi, Mama Walburga, mjane mwenye kibanda katika soko lako, anayeuza sanamu za pango la Bethlehemu: Mtoto, Maria, Yosefu, wafalme watatu, ng'ombe, punda na ngamia.

Kuhusu theluji silalamiki. Najua haiko chini ya ofisi yako. Ninayolalamikia ni haya.

1. Kinywaji. Jioni ya kwanza nilipewa divai ya moto yenye mdalasini, na nikakiri moyoni kwamba ni kitu kizuri. Lakini kila mtu alishika kikombe chake, akasimama peke yake, akakipulizia, kama wagonjwa wanaongoja dawa. Kwetu pombe ya ulezi huwekwa katika chungu kimoja, ikaongezwa maji ya moto, na watu wakaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hata waliogombana mchana hulazimika kutazamana. Nilimshauri muuzaji alete chungu. Alinijibu kwa upole kwamba wateja wangeambukizana mafua. Mheshimiwa, mafua walikuwa nayo tayari. Walichokosa ni mazungumzo.

2. Mti. Mmekata mti mzima, mrefu kuliko kanisa letu la zamani, mkausimamisha katikati ya soko bila mizizi ili upate kutazamwa. Niliuzunguka mara mbili. Mlikuwa mmesimamisha pale milango sita, meza mbili na jeneza la mtu mnene. Niliuliza baada ya sikukuu utafanyiwa nini, nikaambiwa utachomwa. Sitaongeza neno, mimi ni seremala na Mungu ananiona.

3. Bei. Hapa, Padri, nakusihi uwe na moyo mgumu, kwa sababu ni kibanda cha mama yako.

Nilimwuliza Mama Walburga bei ya yule mfalme mweusi. Kisha nikauliza ya punda. Punda alikuwa ghali zaidi. Nikadhani Padri amekosea kutafsiri, nikauliza tena kwa kidole. Ilikuwa vilevile.

"Punda ana masikio," mama alinieleza bila ubaya wowote. "Masikio yana kazi. Huyu mfalme husimama nyuma kabisa. Mgongo wake hauonekani, kwa hiyo huwa sichongi mgongo."

Nikamgeuza. Kweli, nyuma alikuwa ubao mtupu. Mheshimiwa, mimi nimesafiri siku ishirini na tatu kwa gari moshi na meli, na safari yote nilikuwa na mgongo.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika soko lolote, Tororo wala Busia. Nikambembeleza muuzaji apandishe bei. Nilianza kwa kuongeza kidogo. Mama alicheka, akakataa. Nikaongeza tena, nikageuka kama ninaondoka, jinsi desturi inavyotaka. Hakuniita. Mwishowe alinionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo na kusema bei zote zimepitishwa na msimamizi wa soko na kupigwa mhuri, hazipandi wala hazishuki. Kwa hiyo nimeelewa kwamba aliyemweka mfalme chini ya punda si mama wa Padri. Ni wewe.

4. Rangi. Siku iliyofuata nilisimama karibu na banda la soseji, nikiwa nimevaa koti la marehemu baba yake Padri, kofia yangu mkononi. Watu wakaanza kunitupia lozi na karanga kofiani. Sikuelewa. Mtoto wa kike akapanda kwenye kreti, akalowesha kidole mdomoni, akanisugua shavu. Akatazama kidole. Akanisugua la pili. Kumbe katika nchi yenu, baada ya Krismasi, vijana hujipaka masizi, mmoja akawa mfalme mweusi, wakazunguka wakiimba milangoni, na watu wakadhani mimi ni mmoja wa vijana hao aliyewahi mapema.

Mzee mmoja alinitazama kwa muda mrefu sana, kisha akamwuliza Padri, "Huyu amepakwa vizuri ajabu. Nani amempaka?"

Nilimwambia Padri amjibu: "Mungu."

Padri alicheka mpaka akashika nguzo ya banda la soseji. Mimi sikucheka. Karanga nilizila, kwa kuwa zilikuwa zimekaangwa vizuri, lakini nilizila kwa hasira.

5. Mnyama. Tarehe tano Desemba, saa kumi na moja jioni, aliingia sokoni mtu wa manyoya mwenye pembe, ulimi mwekundu hadi kifuani, minyororo, fimbo za matawi, na kikapu mgongoni cha kubebea waovu. Watoto walikimbia. Watu wazima walicheka. Mimi nilisimama wima, kwa sababu nilimtambua. Kwetu Bukedi, anayekuja jioni kwa kelele na fimbo kuwakamata watu ni mmoja tu: askari wa chifu anayetafuta wasiolipa kodi. Nikaingiza mkono katika koti, nikamtolea tiketi yangu ya mwaka 1953, yenye mhuri, niliyotembea nayo toka Rubongi kwa kuwa mtu mwenye akili haiachi nyumbani.

Mnyama aliipokea. Aliipeleka karibu na taa, akaisoma mbele na nyuma. Kisha akavua kichwa, na ndani alikuwa mtoto wa mwoka mikate, jasho likimtoka.

"Hii ni nini?" akamwuliza Padri.

"Ni kodi ya kichwa," Padri akamwambia. "Kwao kila mwanamume hulipia kichwa chake."

Kijana alikitazama kile kichwa cha pembe alichokishika kwapani, akajigusa cha kwake, akauliza kwa wasiwasi kama yeye angelipa mara mbili.

Nalalamika hivi: baada ya kuridhika na tiketi yangu, alivaa kichwa chake akaenda kumchapa mwalimu wa shule miguuni bila kumwuliza tiketi. Huo si utawala. Kwetu ungechapwa, ndiyo, lakini kwanza ungeulizwa.

6. Mfalme wangu. Sasa nafika penye kidonda.

Katika sanduku langu nilikuwa na magogo madogo ya mvule, zawadi kwa wachongaji wenu. Baada ya habari ya punda sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba Mama Walburga kigoda, akanipa, na jiko la makaa akaliweka miguuni pangu. Nilichonga siku nne kando ya kibanda chake. Nilimchonga Maria katika gomesi, gauni la wanawake wa kwetu, mshipi wake umefungwa sawasawa. Nilimchonga mfalme wa kwanza, anayetangulia, mweusi kwa mvule wenyewe bila masizi, amebeba kuku hai na kikapu cha simsim, kwa kuwa mwanamke aliyejifungua hali ubani. Mgongo wake niliuchonga siku nzima. Mishipa ya shingo ilionekana. Na nyuma kabisa nilimweka mfalme mweupe mwenye pua ndefu na kofia ngumu ya jua, ameshika kamba ya ngamia.

Watu walijaa. Walicheka kwanza, kisha wakaanza kumgeuza mfalme wangu kuutazama mgongo. Mwoka mikate alisema anamtaka. Mama Walburga alikuwa amenyanyua kalamu kuandika bei, nami nilimsihi aanzie juu ya bei ya ngamia. Ndipo ulipofika wewe, Mheshimiwa, na filimbi yako na kitabu chako.

"Kanuni ya saba," ulisoma. "Katika soko hili huuzwa kazi ya bonde hili tu. Huyu mfalme si wa bonde hili."

Nilikuuliza, kwa kinywa cha Padri, na kofia yangu ilikuwa mkononi: "Na wale wafalme wengine wa mezani ni wa bonde gani? Na Mtoto mwenyewe alizaliwa bonde gani?"

Ulifungua kitabu. Ulikifunua mbele, ukakifunua nyuma. Soko zima lilikungoja, hata yule wa divai aliacha kumimina. Halafu ulifunga kitabu, ukamchukua mfalme wangu, ukamtia kwapani kichwa kikiwa chini, ukaniandikia stakabadhi. Mama Walburga alikufuata mpaka mlango wa ofisi akikwambia maneno ambayo Padri, mpaka leo, amekataa kunitafsiria. Stakabadhi alinisomea: "Kifaa cha mbao, kimoja, chenye asili ya nje."

Nilirudi kwenye kigoda nikaendelea kukaa pale, sina la kuchonga. Mama alirudi, akaketi karibu nami, akamchukua mmoja wa wafalme wake weusi, akageuza ule ubao juu, akanipa patasi yake. Lugha hatukuwa nayo. Nilimchonga mgongo. Akanipa wa pili. Hadi soko lilipofungwa nilikuwa nimechonga migongo kumi na minne.

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, mfalme wangu arudishwe, akiwa amesimama, si kichwa chini. Pili, bei ya mfalme mweusi ipandishwe juu ya ngamia, na punda aelezwe kwa utaratibu. Tatu, yule mnyama asitembee bila kibali cha chifu. Nne, na hili nimelifikiri tangu nilipopanda meli: ni wazi kwamba mji wenu haujawa tayari kujiendesha wenyewe. Mnachoma milango, mnapanga bei kwa masikio, mnachapa walimu bila kesi. Padri alinieleza kwamba tangu vita nchi yenu iko chini ya mabwana wanne, Mwingereza, Mfaransa, Mmarekani na Mrusi, na kwa kweli niliwaona askari wawili wa Kifaransa sokoni wakila soseji. Niliwahurumia. Sisi tuna bwana mmoja tu na tumechoka. Lakini kwa kuwa mmeshazoea wanne, wa tano hatawalemea. Napendekeza Hintertann iwekwe chini ya ulinzi wa Bukedi kwa miaka hamsini. Tutawatumia chifu mpole, karani mmoja na chungu. Mtakapojifunza kuketi pamoja tutaanza kuzungumza, polepole, juu ya uhuru wenu.

Nisalimie Mama Walburga, na umwambie soksi alizonipa zinanitosha ingawa kwa joto la hapa nazivaa Jumapili tu. Msalimie kijana wa mwoka mikate, vichwa vyote viwili. Msalimie mwalimu, na miguu yake ipoe. Wasalimie wale Wafaransa kama bado wapo. Mke wangu Kevina anakusalimu, ingawa amesema hakufahamu na hatamani kukufahamu.

Ndimi, mwenye kukuheshimu na kukudai mfalme,

Ofumbi, Seremala.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa, nimeifungua tena. Wiki iliyopita wazee wa kanisa wamekubali tufanye soko la Krismasi hapa Rubongi, nao wameniteua mimi kuwa msimamizi. Filimbi nimenunua. Jana amefika Maloba, Msamia kutoka upande wa Busia, na baiskeli iliyojaa sanamu za pango la Bethlehemu, zote zimechongwa mgongo na tumbo, na punda wake, lazima niseme kweli, alikuwa karibu kulia. Watu waliniacha mimi wakamzunguka yeye. Nimemwambia kwamba katika soko hili huuzwa kazi ya Rubongi tu. Anauliza imeandikwa wapi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, mengine yote yaache yasubiri. Naomba unitumie kwa haraka nakala ya ile kanuni yako ya saba, ifike kabla ya Desemba kumi. Lugha yoyote itafaa. Mhuri uwe mkubwa.