Jeshi la Konokono

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mwalimu wa mdahalo, tunayemwita Radi kwa sababu ya sauti yake, ametangaza mstarini kwamba kila mwanafunzi lazima awe na klabu. Asiye na klabu ifikapo Ijumaa ataingizwa kwenye mdahalo, maana mdahalo una upungufu wa wasemaji. Akanitazama. Au alitazama mlingoti wa bendera nyuma yangu. Sikusubiri kujua.

Klabu yangu ya wasomaji imekufa. Tulikuwa wawili, na mwenzangu amehama shule. Nilimwomba mwalimu wa zamu aihesabu hivyo hivyo. Akasema klabu ya mtu mmoja si klabu, ni upweke.

Mdahalo! Kusimama mbele za watu na kufungua mdomo! Mimi nikiulizwa jina darasani hutokwa jasho hadi magotini. Wenzangu wananiita Kamusi: nimejaa maneno, lakini mpaka mtu anifunue.

Klabu zote zimejaa. Imebaki nafasi moja tu, kwenye klabu ya mchezo wa kadi wa kwenye simu, inayokutana Ijumaa katika chumba cha kompyuta. Mkubwa wao anaitwa Jenerali. Hatembei, anakagua. Nikampelekea ujumbe kwenye kikaratasi. Akausoma kwa sauti, bila haya, katikati ya uwanja. Kisha akasema sawa, nicheze naye Ijumaa mbele ya wanachama. Nikishinda, nafasi ni yangu. Nikishindwa, nimfikishie Radi salamu zake.

Sijawahi kucheza. Haidhuru. Mchezo wenyewe ni bure, na kusoma najua.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya chakula

Nimeupakua kwenye simu ya mama, maana mimi sina simu. Mama ni fundi cherehani na alikuwa na sindano mdomoni, kwa hiyo hakuweza kukataa.

Unaitwa Himaya ya Wadudu. Jamani, uzuri ulioje! Kila mchezaji ana kichuguu chake. Unatuma jeshi la kadi zako kubomoa kichuguu cha mwenzako kabla hajabomoa chako. Ukifungua pakiti ya kadi, cheche zinaruka, ngoma zinalia, kisha kadi zinageuka moja moja kama mabibi harusi. Moyo ulinidunda kwa furaha mpaka nikasahau Radi ni nani.

Na kila kadi ina hadithi yake chini, kwa herufi ndogondogo! Nimezisoma zote. Kuna pia somo la mwanzo, linalofundishwa na mbawakawa mzee mwenye miwani. Mchezo unakuruhusu kuliruka. Nani angeliruka? Nimelisoma mara mbili.

Pakiti yangu ya ukaribisho: siafu, siafu, siafu, nzi na konokono. Konokono si mdudu. Nimewaandikia wenye mchezo kuwaeleza, kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua ukweli. Mchezo ni bure kama mlango wa duka ulivyo bure. Unaingia, unaangalia, halafu unaanza kutamani. Kinachotakiwa ni Malkia wa Nyuki, kadi ya dhahabu. Pigo lake moja, kichuguu chini. Jenerali anaye. Ukitaka kumpata haraka unamnunua. Nilimweleza mama. Akasema atakayemuuzia picha ya nyuki bila asali hajazaliwa.

Basi nimebuni mpango. Nautazama na kujivunia.

Kila simu mpya hupewa pakiti ya ukaribisho. Wachezaji wa kundi moja wanaweza kupeana zawadi, kadi moja kwa siku. Kwa hiyo ninahitaji watu wengi wenye simu, wasio na la kufanya, wasioweza kukimbia. Nani hao? Wateja wa saluni ya shangazi! Wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, vichwa vimefungwa rola, simu mikononi. Hata wakitaka kutoroka, wataenda wapi na vichwa vile?

Nilifanya mazoezi ya hotuba fupi njiani. Nilipofika nikaitoa yote huku macho nimeyakodolea kioo. Shangazi akaniuliza kama nina homa. Lakini msusi wake, anayeitwa Chapuchapu kwa kasi ya vidole, akasema hebu tuone huo mchezo wa mtoto. Wakapakua wote. Wakaniuliza huyu ni nani, yule ni nani. Hapo nikajisahau, nikawasomea hadithi ya konokono: jinsi alivyobeba nyumba yake mgongoni ili asidaiwe kurudi mapema. Walicheka sana. Nikaona nisiwakatishe tamaa, nikaendelea kumzungumzia konokono kwa muda mrefu.

Nimeunda kundi. Kiongozi: mimi. Sasa kazi yangu ni kupokea.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Halafu balaa. Kwa mfuatano huo.

Ushindi: shangazi amefungua pakiti yake ya ukaribisho na Malkia wa Nyuki ametoka! Cheche, ngoma, saluni nzima ikapiga kelele, mteja mmoja akaruka na kujigonga kwenye mashine. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia shangazi anitumie, kwa faida ya kundi.

Balaa: shangazi akakataa. Akasema malkia huyo amefanana naye alipokuwa bibi harusi. Akamwonyesha kila mteja. Kweli kiuno kinafanana, ila shangazi hakuwa na mabawa.

Kisha Chapuchapu akauliza, huku akisuka, mimi nimewapa nini tangu jana. Nikasema nimewapa uongozi. Wakaangaliana. Shangazi akasema, mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Wakapiga kura palepale. Nimepinduliwa! Katika kundi langu mwenyewe, na watu wenye rola vichwani! Kiongozi mpya ni Mama Pacha, mteja wa kila wiki, ambaye hata kofia ya mashine hakuivua kupokea madaraka.

Amri yake ya kwanza: zawadi zitatolewa kama upatu. Kila siku wote wanampa mmoja, kwa zamu. Wakapiga kura ya zamu kwa rola za rangi ndani ya bakuli. Chapuchapu Alhamisi. Mama Pacha Ijumaa. Mimi Jumamosi.

Jumamosi! Mchezo ni Ijumaa! Nikawaambia. Wakasema upatu hauna machozi.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele. Saluni wanazo nyingi, lakini na mimi zangu zimo.

Nilimfuata Mama Pacha faragha, nikamwomba tubadilishane zamu. Akaniuliza kwa nini niko mbioni hivi. Nikamwambia yote: klabu, Jenerali, Radi, magoti yangu. Sikukusudia. Yeye ana njia ya kunyamaza inayokufanya umwage kila kitu. Akasema zamu ya Ijumaa ni yangu, na asubuhi kabla sijatoka nyumbani kadi zitakuwa zimefika, ila leo niwaangalie pacha wake wakati yeye anasukwa.

Pacha wale si watoto, ni hali ya hewa. Mmoja alikimbilia kulia, mwingine kushoto. Nikamkamata wa kulia kwa kumpa simu ya mama aangalie picha. Aligusa hapa, akagusa pale. Akafika kwenye kitufe cha "Achilia huru". Ngoma zikalia. Siafu wangu wote wakatembea kwa mstari hadi ukingoni mwa kioo wakapunga mikono. Nzi naye akaaga. Kwenye mchezo huu aliyeachiliwa harudi. Mtoto akapiga makofi.

Amebaki konokono. Hakuwa ameondoka. Bila shaka alikuwa njiani.

Sijali. Kesho asubuhi saluni nzima itanitumia kadi, na shangazi, nimemjua tangu kuzaliwa, moyo wake utalainika. Malkia atakuja.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Zawadi zimefika. Nilifungua na moyo mkononi.

Konokono. Konokono. Konokono. Konokono wa shangazi ana utepe. Kila mmoja amenitumia konokono!

Nilikimbilia saluni. Wananiambia kwa nyuso zilizojaa fahari kwamba wamehangaika tangu Jumanne kuwakusanya, wamebadilishana hadi na watu wasiowajua, kwa sababu walivyonisikia nikimsimulia konokono walijua hakuna ninachokipenda zaidi duniani. Mteja mmoja alitoa kerengende wa fedha apate konokono mmoja. Kerengende wa fedha!

Nifanye nini? Nikashukuru. Nikamkumbatia kila mmoja, rola kwa rola. Njiani kwenda shule nikacheka mpaka mbwa wa mlinzi akasogea pembeni.

Ijumaa, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Mama aliniazima simu kwa sharti kwamba nikipigiwa na mteja nijibu. Chumba cha kompyuta kilijaa. Jenerali alikaa kama amechongwa. Nilipoweka jeshi langu uwanjani kikawa kicheko. Mmoja akauliza kama nimekuja kupigana au kupanda mchicha.

Lakini mimi nimesoma herufi ndogo. Konokono hapigi, ndiyo. Ila akipigwa anaingia ndani ya nyumba yake, na zamu inayofuata anatoka mzima. Na akiwa na wenzake, wanazibiana pengo. Malkia wa Jenerali akapiga. Wakaingia ndani. Wakatoka. Akapiga tena. Wakaingia. Wakatoka. Kichuguu changu kimesimama nyuma yao, kizima kabisa. Jenerali akaanza kuuma kola ya shati.

Katikati ya vita simu yangu ikaita. Sharti ni sharti. Nikajibu, na kwa hofu nikabonyeza kipaza sauti. Mama mmoja akauliza chumba kizima, fundi, hii sketi umenishonea mimi au umemshonea mdogo wangu? Nikamjibu kama mama anavyojibu siku zote: mshono hauna kosa, mpendwa, labda sikukuu zilikuwa tamu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Jenerali alitabasamu, kidogo, upande mmoja.

Akapiga tena. Wakaingia. Ndipo simu yake ikazimika. Puu! Giza! Kwenye yangu pakaandikwa mpinzani ametoweka. Jenerali akasimama akasema hakuna aliyeshinda, chaji si kosa la mtu, na kwa kuwa sikumshinda, nafasi hakuna, anayefuata nani.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti! Nikasikia sauti na ilikuwa yangu. Nikasema kwanza, katika somo la mwanzo mbawakawa anafundisha wazi kwamba jeshi linaloondoka uwanjani kwa mvua, kwa usiku au kwa njaa, limeshindwa. Jenerali akasema hakuna anayesoma lile somo. Nikasema pili, kutosoma sheria hakujawahi kumwokoa mtu. Akasema chaji si njaa. Nikasema tatu, chaji ni nini kama si chakula cha simu? Na jenerali anayepeleka jeshi vitani bila chakula amlaumu nani, konokono? Konokono alikuja na nyumba yake!

Nilikuwa nimeshika kiuno. Mimi!

Makofi, meza zikapigwa, mtu akapiga mluzi. Jenerali akajikuna kisogo. Akasema hoja imekaa. Akanivutia kiti, karibu na chake, akaniuliza kwa kunong'ona kama nina konokono wa ziada.

Nina klabu! Nina kiti! Nikageuka kuinama kwa heshima, na mlangoni nikamwona Radi. Amesimama, mikono kifuani, macho yamelowa. Akasema kwa ile sauti inayotikisa madirisha kwamba amezunguka shule hii miaka na miaka akitafuta mdomo kama huu. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya kawaida isiyosikika, kwamba tayari nina klabu. Akasema hongera sana. Klabu ya kadi ni Ijumaa. Mdahalo ni Jumatano. Amekwisha kuniandika msemaji wa kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi saluni. Niliwasimulia vita vyote na wakapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Shangazi alimwita kila mteja mpya nianze upya. Nilianza upya mara nyingi. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Kuhusu Jumatano, sina wasiwasi. Nimebuni mpango, na huu hauna hata tundu la sindano. Nitazungumza vibaya. Vibaya mno, mpaka Radi anifukuze mwenyewe, kwa mkono wake. Mada ni kama vijiji vina faida kuliko miji.

Hotuba mbaya haitaki pupa. Nimepita maktaba, nimeazima vitabu vya kutosha, nimepanga hoja zangu ili nijue vizuri ni zipi za kuharibu. Jioni nimeijaribu mbele ya wateja. Chapuchapu ameacha kusuka akanisikiliza mdomo wazi. Mama Pacha amelia. Mteja mmoja amesema anahamia kijijini kwao wiki ijayo.

Kwa hiyo bado haijawa mbaya vya kutosha. Kesho nitaongeza ushahidi.