Kilo Mbili za Risasi ya Baba Mkubwa

Jumamosi, 4 Oktoba

Aibu tupu. Jana Mwalimu Castory alisema Alhamisi atachagua mmoja wetu aende maonyesho ya sayansi ya mkoa, akaeleze jinsi elementi zenye mionzi zinavyooza. Wema alikuwa tayari, kama kawaida yake. Alitikisa vifuniko mia vya soda kwenye ndoo, akavimwaga, akaondoa vilivyolala chali. Karibu nusu vikabaki. Makofi. Mimi jibu nililijua, mkono ndio ulikataa kunyanyuka. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, huku ni Kiingereza, na sauti yangu ilibaki kule.

Lakini nataka kwenda! Hata mara moja tu watu wanisikie.

Leo nimesoma: risasi-212, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, nusu yake huoza kwa saa kumi na dakika thelathini na nane. Wema ana vifuniko. Mimi nina risasi yenyewe! Wavu wa Baba Mkubwa Leonardi umejaa chubwi, vile vipande vya risasi vya kuuzamisha. Na mbalamwezi imeanza, taa hazivuti dagaa, wavuvi wote wa Ujiji wamepumzika mpaka giza lirudi. Hatajua.

Jumapili, 5 Oktoba

Baba Mkubwa kaenda misa ya kwanza. Nimezikata chubwi wavuni. Kilo mbili kamili kwenye mizani ya dagaa ya Mama Mkubwa Melania. Saa moja asubuhi. Nimezilinda kutwa kama kuku anayeatamia.

Saa kumi na mbili kasoro jioni: kilo mbili. Nikauliza kama mizani ni mbovu. Mama Mkubwa akasema mizani haina tatizo, nijikague mimi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bado kilo mbili. Nimegundua kosa! Nilizifungia chumbani. Hata dagaa hawakauki chumbani. Nimezianika kwenye kichanja cha dagaa, juani, nikaenda shule na moyo mweupe.

Jumanne, 7 Oktoba

KILO MOJA. Nusu kabisa! Nimepima mara tatu. Kesho nanyanyua mkono.

Jumatano, 8 Oktoba

Niliunyanyua. Nilisimama, nikaeleza dakika kumi jinsi kilo mbili zilivyooza ikabaki moja, Kiingereza kikiisha naingia Kiswahili. Halafu Wema akasimama taratibu.

“Hongera, kaka. Hiyo kilo nyingine iko wapi?”

Nikasema imegeuka bismuthi, elementi inayotokea risasi-212 ikioza.

“Basi tuoneshe hiyo bismuthi. Nayo si ina uzito?”

Walicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Mwalimu akawanyamazisha, akasema Wema kauliza vizuri. Atomu ya risasi-212 haipotei, inageuka, na uzito unabaki karibu uleule. Mwishowe inakuwa risasi-208, ambayo haiozi tena. Risasi ya nyavu ni ya kawaida, imetulia. Risasi-212 ndani ya siku chache imekwisha, hakuna anayeweza kuifunga kwenye wavu.

Sasa kilo yangu iko wapi? Nyumbani nikamkuta Baba Mkubwa ana furaha. Kasimulia kwamba mwenzake Ndizeye alikuwa hana chubwi za wavu mpya, na juzi wakaziona kichanjani, hazina mwenyewe. Wakagawana: kilo moja akachukua Ndizeye, moja wakamwachia aliyezisahau. Nikatazama chini. Akanitazama. Akaenda kuukagua wavu wake.

Aliporudi hakuwa na furaha.

“Wewe mtoto, hata dagaa tunawaanika wa kwetu, si wa jirani.”

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu kamchagua Wema. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Wema akanyoosha mkono, akasema yeye atakuwa na kazi ya ndoo, anahitaji mtu wa kueleza, na huyu akishaanza hanyamazi. Mwalimu akafikiri. Akasema tuende wawili.

Nitaongea mbele ya mkoa mzima!

Ijumaa, 10 Oktoba

Baba Mkubwa kaniketisha ufukweni nifunge chubwi zote, kwenye wavu wake na wa Ndizeye. Vidole vimevimba. Nimeahidi sitagusa tena kitu cha mtu kwa ajili ya sayansi.

Ila nimesoma jambo. Ndizi zina potasiamu yenye mionzi! Vifuniko peke yake havitoshi kwa maonyesho ya mkoa. Mama Mkubwa ana mkungu mzima jikoni, wa kupeleka sokoni Jumatatu. Nitauazima tu. Nusu ya potasiamu hiyo huoza kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Safari hii nina muda wa kutosha kuurudisha.