Operesheni Ziba Mianya

Wananchi walitangaziwa rasmi kwamba adui anayenenepesha bili za umeme majumbani amejulikana: ni mwanya. Ubaridi wa kiyoyozi unatorokea chini ya mlango, joto linapenya dirishani, na mwenye nyumba anabaki kulipia barabara ipoe. Ikaundwa Kamati ya Kuziba Mianya, na Mwenyekiti wake akasaini agizo: kila mwanya uzibwe papo hapo, popote ulipo, bila kujali cheo. Hayo ya cheo aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa yalikaa vizuri mdomoni. Alikuwa anautaka unaibu waziri mpaka anauota.

Kamati ilikaa vikao, kiyoyozi kikinguruma na madirisha wazi, maana mjumbe mmoja alikuwa na mafua. Dari jipya? Ghali. Umeme wa jua? Ghali, halafu jua lenyewe halijasaini mkataba. Mwishowe wakachagua vya bei nafuu: ukanda wa mpira chini ya mlango, taa zisizokula umeme mwingi, na rangi nyeupe juu ya bati. Mambo ya kawaida kabisa, ndiyo maana yakaitwa Mkakati.

Kasheshe ikazuka kwa Katibu. Mama wa watu alikuwa na mwanya, ule wa meno ya mbele, mzuri kweli, na agizo lilisema popote ulipo.

"Na huu, Mheshimiwa?" aliuliza huku akicheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Suala lako linafanyiwa kazi, dada. Kwa sasa usicheke saa za kazi hadi ufafanuzi utoke."

Basi maskini akawa anafumba mdomo kama mtu aliyemeza kifungo.

Waziri akataka kuzuru Nyumba ya Mfano, yenye bili ndogo kuliko zote mjini. Kompyuta ya idara ikaulizwa, ikatoa nyumba ya Mwenyekiti. Loo! Alimkumbatia hadi dereva. Huo unaibu sasa ulikuwa mkononi, na furaha ilimpanda kichwani hata akasahau kwa nini bili yake ni ndogo.

Msafara ukaingia: Waziri, waandishi wa habari, Katibu na fundi wa Kamati. Ndani kulikuwa na baridi kama kwenye friji. Viyoyozi vilivuma kila chumba, hata stoo ya viatu. Mama mkwe wa Mwenyekiti alikuwa sebuleni, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, mama," Waziri alisema. "Nyumba hii siri yake nini?"

"Nidhamu," Mwenyekiti akadakia. "Na ukanda wa mpira."

"Mpira gani tena, mkwe wangu? Mbona unajishusha?" Bibi alimgeukia Waziri kwa fahari. "Marahaba, baba. Huyu ana akili, jamani! Kapitisha waya nyuma ya kabati, hauonani kabisa na mita. Mashoga zangu nawaambia kila siku, binti yangu kapata mume."

Kabati likasogezwa. Waya ulikuwepo, mnene, umetulia zake.

"Huo ni... wa majaribio," alisema Mwenyekiti. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na tai yake.

Fundi akakuna kichwa. "Waheshimiwa, hapa pana mwanya. Nizibe, au nisubiri ufafanuzi?"

Waziri akalisogelea agizo lililobandikwa mlangoni, akalisoma kwa sauti. "Papo hapo. Popote ulipo. Bila kujali cheo. Aisee, nani kaandika haya? Safi sana!"

Koleo likalia. Viyoyozi vikanyamaza vyote, joto likaingia sebuleni bila hodi.

"Afadhali," mama mkwe akasema, akivua blanketi.

Katibu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, lile suala langu. Ufafanuzi umetoka?"

Mwenyekiti akalegeza tai.

"Umetoka, mama," Waziri akajibu. "Cheka."

Katibu akacheka, mwanya wote nje, akacheka mpaka akakaa chini. Picha iliyotoka gazetini kesho yake ilikuwa ya mwanya huo. Nyuma yake, kwa mbali, Mwenyekiti anaonekana amebandua agizo lake mlangoni, anajipepea nalo.