Lenzi Ndefu na Mlima wa Gerishon

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Mwihaki, umepotelea wapi? Miaka yote unaosha wazee wa watu huko Amerika, na wa kwako amelala Kangemi na uvimbe kooni. Siku utakayofungua daftari hili, soma polepole. Kuandika nimejifunza juzi tu, kwa ngumbaru, darasa la wazee pale kanisani. Mkono bado mzito.

Baba yako Gerishon hamezi kitu ila uji. Ameniomba jambo moja: auone mlima Longonot, mzima, alipochungia mbuzi akiwa mtoto. Daktari amekataa asisafiri. Basi! Jumamosi kina mama wa kanisa tunaenda huko kutazama wanyama. Nitamletea mlima kwa picha.

Jumatano, 9 Agosti

Mjini, kwa Wesonga, yule anayepiga watu picha bustanini. Nimemwahidi harusi zote za kanisa letu akiniazima kamera. Harusi hakuna hata moja. Ana lenzi mbili. Akaniita shosho, kama bibi yake, akasema hii fupi ni ya mlima, inameza nchi yote. Hii ndefu ni ya wanyama wa mbali. Nikamwuliza, kati ya mlima na swara, kikubwa ni kipi? Akasema mlima. Sasa! Ng'ombe hapikwi kwa sufuria ya chai. Nimechukua ndefu.

Jumamosi, 12 Agosti

Wanjugu, mwenyekiti wetu, amekuja na kikamera kama kipande cha sabuni. Nikamcheka. Akauliza kama hilo langu ni la picha au la kutwangia mahindi. Mshenzi!

Tulipofika, nikaweka jicho. Mlima haukuingia. Nikarudi nyuma. Nikarudi tena, mpaka kwenye miiba. Wapi! Nikaupiga vipande vipande. Wanjugu alibonyeza mara moja, akaenda kula mayai yake.

Jumanne, 15 Agosti

Picha zimesafishwa. Jiwe. Kichaka. Sikio la punda milia. Nimezipanga juu ya blanketi ili mlima uungane. Haukuungana. Baba yako akatazama sana, akanong'ona: Waithera, umeniletea kokoto. Akacheka, akakohoa damu. Nikamfuta. Nikaapa nitarudi Jumamosi niulete mzima, hata kwa kuung'oa.

Jioni Wanjugu ameleta picha yake. Mlima wote, na wingu juu. Nikasema asante, nikaisukuma chini ya godoro. Mume wangu aonyeshwe mlima wake na mwanamke wa Loresho, kwa matajiri? Haiwezekani.

Alhamisi, 17 Agosti

Ameenda alfajiri. Macho yalikuwa dirishani. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani.

Picha ilikuwa chini yake.

Jumatano, 23 Agosti

Tumemzika Kinoo, shambani kwa ndugu yake. Hukuwepo. Umesema kwa simu ukitoka huko bila karatasi za kuishi hawatakuruhusu kuingia tena. Haya.

Wesonga alikuja kuuliza harusi zake ziko wapi. Nikampa mazishi apige. Akatumia lenzi fupi. Watu wote wakaingia, hata Wanjugu na kilemba chake. Akanieleza tena, shosho, ya mlima ni hii. Maskini, kazi yake mwenyewe haijui.

Kosa nimeliona. Ile lenzi haikuwa ndefu vya kutosha. Kuna nyeupe za wazungu, ndefu kama paja. Ukija, Mwihaki, usilete chokoleti wala machozi. Leta hiyo.