Akina Mughwai Wawili

Jumatatu, 4 Juni 2001
Kompyuta imefika Itigi! Imeshuka na treni, imezungushiwa godoro kama mgonjwa. Bosi Emilian, aliyelinunua ghala la asali kutoka ushirika, anataka wafugaji nyuki wote waingizwe kwenye kompyuta hiyo. Karani atabaki mmoja: mimi au mwenzangu Rebeka. Mwingine akarine asali porini. Nyuki nawaogopa. Mimi na nyuki! Nikasema databesi naijua vizuri. Uongo mtupu.

Jumatano, 6 Juni
Mwalimu Jenipher ametoka Singida mjini kutufundisha. Jedwali moja la watu, jingine la asali. Kila mtu apewe ufunguo wake, yaani namba isiyo ya mwingine, na namba hiyo ndiyo inayounganisha asali na mwenyewe. Rebeka kaandika yote. Kujipendekeza tu! Namba za nini, mtu ana jina? Kila mmoja akatengeneza majedwali yake; mimi nimetumia majina. Mashine ikamkataa Mughwai wa pili, eti yupo tayari. Nikawafanya mmoja, na asali yao pamoja. Nimemaliza wa kwanza. Bosi kanipigapiga bega.

Alhamisi, 7 Juni
Mughwai wa ng'ambo ya reli amefariki. Mungu amrehemu. Bosi kaniagiza nimfute. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Jasho! Mashine gani hii inayomtilia mtu shaka? Nikafumba macho, nikabonyeza.

Ijumaa, 8 Juni
Mughwai amekuja! Yule mwingine, mzima, na shoka lake la kuchongea mizinga. Anataka asali yake. Nikamtafuta. Hayupo. Asali hakuna. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikamweleza kwa heshima kwamba kwenye kompyuta ameshafariki.

Akaniuliza taratibu, "Na nani kanizika, mwanangu?"

Nilimjibu nikiwa nimejificha nyuma ya mapipa. Rebeka akampata kwa namba kwenye majedwali yake mwenyewe, na asali yake yote. Bosi akamsogezea Rebeka kiti changu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumatatu, 11 Juni
Rebeka amebaki. Mimi porini. Mzinga wa kwanza nimeurina kwa moshi mwingi. Ajabu, nyuki walitulia!

Jioni nimemkuta Mwalimu Jenipher stesheni akisubiri treni. Kaniambia kuna somo jingine, programu za vitu: unachora mzinga mmoja wa mfano, na mizinga yote inayotokana nao hurithi tabia zake. Safari hii nimeelewa! Mmoja mpole, wote wapole. Kesho mizinga ya ndani zaidi. Moshi nauacha nyumbani. Siogopi kabisa.