Kiti cha Buluu cha Mstari wa Mbele

Jumanne, 1 Julai

Dada Kinga, nisamehe. Kifurushi chako kilifika zamani, kabla jua halijawa kali namna hii, na mimi kimya. Si kiburi. Kila nikishika kalamu, mwanangu Gucio naye anaishika. Barua imenishinda. Basi nitakuandikia hivi, siku kwa siku, vipande vipande, na daftari likijaa nitakutumia zima. Usimsomee mama.

Mama anaamini napumzika. Kielce, mji wetu mzima, unaamini. Bogna yuko Uhispania! Bogna yuko baharini hadi Septemba, fleti ya bure! Bure ndiyo, kwa sababu bosi wa mume wangu ana jengo zima lenye mabafu mabovu. Witek anabandika vigae, bafu likiisha tunahamia fleti nyingine yenye bafu bovu. Ndiyo raha yangu hiyo. Nahamisha sufuria.

Gucio anaota magego. Usiku halali. Mchana angelala, lakini hapa Benialcor kila mtakatifu ana sikukuu na kila sikukuu ina fataki. Jana nilisinzia nikiwa nimesimama kwenye foleni ya samaki. Muuza samaki akaniuliza kama nataka dagaa au mto wa kulalia. Foleni nzima ikacheka. Nikachukua dagaa.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Mtoto huyu anapenda bahari. Akiiona anaiendea moja kwa moja, hageuki nyuma, kama mtu aliyechelewa kazini. Nami nasinzia. Nikisinzia, bahari haisinzii. Ndilo linaloniogopesha, na Witek sijamwambia.

Ila nimegundua kitu. Miavuli imepangwa mistari mistari hadi mtu wa nyuma haoni maji. Mstari wa mbele ni wa vikongwe. Na kina mama waliobahatika kukaa kati yao wanalala! Midomo wazi! Vikongwe wanaona kila kitu kinachoelekea majini. Kwa hiyo nahitaji nafasi mstari wa mbele. Moja tu. Kesho alfajiri naipata.

Jumatano, 2 Julai

Sikuipata.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Mawazo ya mtu wa bara! Vikongwe walikuwa wamejaa kwenye ukuta wa ufukwe, kila mmoja mwavuli kwapani kama bunduki, wakingoja trekta la manispaa limalize kuchana mchanga. Hakuna anayeshuka kabla halijamaliza. Trekta likazima taa. Wakashuka. Hawakukimbia, Kinga. Kukimbia ni kukosa adabu. Walitembea. Bibi mwenye nyonga ya chuma alinipita kulia. Bibi mwenye fimbo alinipita kushoto na kunitakia asubuhi njema. Mimi nasukuma kigari cha mtoto, magurudumu yamezama, Gucio anapiga makofi.

Nafasi nzuri kuliko zote, pale maji yanapotulia kama beseni, ameichukua Bibi Visitación. Wanamwita Visi. Mjane kutoka Albacete, kila kiangazi yuko hapa, sauti yake ingeuza ng'ombe mnadani. Kando yake Bibi Herminia, ambaye hujaza mafumbo ya gazeti na kulinda vitu vya wote. Manispaa wanachukua chochote kisicho na mtu. Basi mmoja analinda, wengine wanarudi nyumbani kwa kahawa na usingizi wa pili. Usingizi wa pili! Niliona wivu hadi kwenye fizi.

Kati ya hao wawili kuna kiti. Cha buluu, kifupi, kitupu. Asubuhi nzima kitupu! Hakuna aliyekikalia hata kwa bahati mbaya. Uchoyo mtupu. Nilipokitazama sana Bibi Visitación akanipungia mkono, kiganja chini, vidole vikichapa hewa, kama anafukuza kuku. Nikaondoka. Nina heshima zangu.

Alhamisi, 3 Julai

Mpango wa pili, wa akili zaidi. Gucio mgongoni, kigari nyumbani. Nikangoja Bibi Herminia ainamie fumbo lake, nikakinyanyua kile kiti polepole, nikakiweka mstari wa pili, nikatandika taulo langu pale kilipokuwa. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu, macho gazetini, kama najua jina la mto wa Urusi wenye herufi tano. Nikamwambia Volga. Akashukuru.

Ushindi! Nikalala chali. Hapo hapo Gucio akachafua nepi, ya kweli kweli, hadi shingoni. Nikamkimbiza kwenye mabomba. Niliporudi, kiti kimerudi mahali pake. Na taulo langu limewekwa juu yake, limekunjwa pembe nne, safi, kama la hospitali.

Tusi gani hili! Wananikunjia taulo ili nijue njia ya kwetu. Bibi Visitación akanifukuza tena kwa kile kiganja chake, mara hii akitikisa na kichwa. Nikachukua taulo langu. Sikulia. Nililia nyumbani, kidogo, kwenye bafu lisilo na sinki.

Witek alirudi amejaa vumbi, akalala na kijiko mkononi. Namwonea huruma, kisha namchukia, kisha namkaangia viazi.

Jumamosi, 5 Julai

Sheria ni sheria. Kama kiti hakina mtu, kichukuliwe. Nilimtafuta askari wa manispaa, kijana mwenye miwani ya jua na kifua cha jogoo, nikamweleza kwa Kihispania changu cha tamthilia. Unakumbuka tulivyokuwa tukiangalia na bibi? Nilijua kusema "mtoto huyu si wako" na "nitalipiza kisasi." Tangu tufike Aprili nimejifunza pia kutaja bei za mboga. Askari alinielewa. Tukaja.

Bibi Herminia alikuwa ameweka miguu juu ya kiti cha buluu. Miguu ni mtu, akasema askari. Kisha akatazama huku na huku akauliza kigari kile pale, kimeachwa na nani, na mfuko ule, na taulo? Vyangu! Nilikuwa nimeviacha ili nimfuate yeye! Nikasema ni vyangu. Akasema alivikuta havina mtu, na mimi mwenyewe ni shahidi. Vikapakiwa kwenye pikapu. Gucio akavipungia kwaheri.

Nikavifuata hadi ghala la manispaa, mtoto begani, jua utosini. Na nani akaja nyuma yangu akihema? Bibi Visitación, kandambili na vazi la kuogelea, amejifunga khanga ya maua kiunoni. Nikajua amekuja kunicheka. Akampita kila mtu kwenye foleni akamwelekezea askari kidole.

"Wewe Ximo! Mama yako anajua unanyang'anya watoto vigari? Mimi nimekufuta kamasi wewe! Mpe mama wa watu vitu vyake kabla sijaivua hii kandambili."

Ximo akanipa, bila faini. Tulirudi pamoja. Karibu na ufukwe bibi akatazama mawingu akasema siku hizi kuna mtu mwenye ulimi mrefu hapa mjini, lakini anamsamehe, maskini, ni uchovu.

Sikujua niweke wapi uso. Nikaamua ananichezea. Adui akikutendea wema, ongeza ulinzi.

Jumapili, 6 Julai

Mama alipiga simu. Akasema nisijilegeze sana kwa raha, mwanamke akizoea kukaa, miguu huvimba. Nikasema ndiyo mama. Fataki zikalipuka. Akauliza ni nini. Nikasema sikukuu. Akasema unaona?

Nimekumbuka Łeba, Kinga. Baba yetu, mtu mpole hata na nzi, lakini kwenye ufukwe wa Baltiki alikuwa jemadari. Alfajiri, nyundo ya mbao, parawani ya mistari, kigingi baada ya kigingi, hadi familia nzima iwe ndani ya ukuta wa kitambaa na majirani nje. Hakuna upepo, hakuna mtu. Tulikula mayai yetu kwa amani kama kwenye ngome.

Wahispania hawana parawani! Wana miavuli tu. Hawajui kujikinga ubavuni.

Nimechukua pazia la bafu la fleti tuliyohama, lenye picha za bata. Vipini vitatu vya mafagio. Rula ndefu ya Witek ya kupimia vigae. Nimeshona usiku, Gucio akiniimbia kilio.

Jumanne, 8 Julai

Vumilia mwandiko wa leo.

Alfajiri sikushindana nao. Niliwaacha wapange miavuli yao, nikaenda mbele yao, kwenye mchanga mbichi. Mbele ya mstari wa mbele! Nikagonga vigingi kwa kandambili. Pazia likasimama pande tatu, bata wakiwatazama vikongwe. Nikaingia na Gucio, upande wa nne nikauziba kwa kigari.

Nikasikia kiti kikiburutwa nyuma yangu. Kisha sauti ya Bibi Visitación: "Mwanangu, unaoga?"

Bibi Herminia akauliza aliyemo atatoka lini, maana na yeye ana haja. Mstari mzima ukacheka. Mwingine akasema upepo wao umekatwa, hewa haifiki. Nikakaza kigingi. Baba naye alikuwa hajibu. Gucio alikuwa anachimba kwa kijiko. Ukuta pande zote. Nikasema nifumbe macho, kidogo tu, hadi ajaze ndoo.

Nilipofumbua, kijiko kipo. Ndoo ipo. Mtoto hayupo.

Pazia limeinuliwa chini, pale bata wa mwisho alipo. Upande wa bahari, Kinga. Nikainuka, na sikuona maji. Sikuona chochote! Bata tu, bata! Nililipasua lile pazia kwa mikono yangu. Rula ya Witek ikavunjika. Nikakimbilia majini na nguo zangu hadi kiunoni, nikimwita, na maji yanang'aa, na hakuna kichwa, hakuna.

"Huku, mwanangu! Huku! Geuka!"

Nikageuka. Bibi Visitación ameketi kwenye kiti chake kando kabisa ya ukuta wangu, miguu ndani ya maji. Mapajani mwake Gucio, mashavu yamejaa kimanda cha viazi, ananipungia uma.

Alihamisha kiti chake pale tangu niliposimamisha pazia. Alisema asingeweza kukaa nyuma ya bata na mtoto yuko upande wa pili. Alimwona kichwa kilipochungulia chini ya kitambaa, kama kobe, akamshika kabla miguu haijatoka.

Nikapiga magoti mchangani. Nilitaka kumshukuru, Kihispania chote kikatoweka, likabaki moja: mtoto huyu si wako. Nikalisema. Akasema anajua, mwanangu, anajua, wake wana mvi.

Halafu akanigombeza. Mbele ya watu! Kwamba walinisikia kwenye foleni ya samaki nikikoroma. Kwamba kesho yake wakaleta kiti cha dada wa Bibi Herminia, wakakiweka kati yao kwa ajili yangu. Kwamba kila siku ananiita na kila siku namkimbia. Akanionyesha alivyoniita: kiganja chini, vidole vikichapa hewa. "Hivi! Niite vipi tena, kwa tarumbeta?" Hapa kwao mtu huitwa hivyo! Akasema kila wakikiweka, mimi ninakiondoa, na mara moja nimekiitia polisi.

Bibi Herminia, bila kuinua kichwa, akasema hata taulo alinikunjia.

Nikakaa kwenye kiti cha buluu. Nilitaka kuomba radhi vizuri. Nililala katikati ya sentensi.

Niliamka kivuli kimehama na mtu amekihamisha kiti pamoja nami. Kofia isiyo yangu usoni. Gucio analala juu ya tumbo la Bibi Herminia na gazeti limemfunika miguu. Usingizi, Kinga! Nilikuwa nimesahau una ladha gani. Nikamtazama mwanangu akipumua, na nikalia, bila sauti, nisimwamshe yeyote.

Jumatano, 9 Julai

Nimelala tena! Witek ameuliza kwa nini naimba. Kuhusu rula nimemwambia ni unyevu.

Leo nina akili timamu, nimeyatafakari yote kwa utulivu. Ni dhahiri: bila ile parawani nisingekaa mstari wa mbele. Wiki nzima nilikwenda kwa upole, nikatoka mikono mitupu. Siku niliyojenga ukuta, siku hiyo hiyo nikapewa kiti. Baba alikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kitambaa tu. Pazia la bafu jepesi mno chini, mtoto analiinua.

Na ulinzi unahitajika sasa kuliko jana. Asubuhi ameonekana mama mmoja kwenye ukuta wa ufukwe, mgeni kutoka Burgos, ana mapacha, macho mekundu, anasinzia ameegemea kigari. Anatazama kiti changu. Bibi Visitación akampungia kiganja, yule mama akaja mara moja! Ameelewa siku ya kwanza! Bibi akaniambia kesho tusogeesogee, patapatikana nafasi. Nikaitikia kwa kichwa. Namwonea huruma kweli, nimempa maji na biskuti za Gucio. Lakini kiti ni kiti.

Basi ninavyohitaji bado, na usivichelewishe:

Parawani ya baba, ile ndefu ya mistari iliyo kwenye banda la uani, si ile fupi iliyoliwa na panya.

Nyundo yake ya mbao.

Vigingi vya ziada, virefu, vya kubana kitambaa chini.

Saa ya babu ya kengele mbili, niwahi kabla ya trekta.

Sandali za Gucio, namba moja zaidi ya zile ulizotuma.

Rula ya vigae, ndefu kama kimo cha Witek. Asijue.

Na kiti kidogo cha kukunja, imara, chenye kitambaa laini, kwa ajili ya yule mama wa mapacha. Nitamwekea vizuri, kivulini, mstari wa pili, nyuma ya parawani.